Bwaga Moyo: Habari za Walioacha Kwao

Mwaka uliopita, mpunga ulipokwisha kuvunwa, mama mmoja wa kijiji chetu, kisicho mbali na mto Wami, alitujia jioni barazani akatuomba tumwonye mwanawe. Kijana yule alikuwa na umri wa miaka 19. Hakuwa mvivu wala mlevi. Alikuwa na shamba, alikuwa na nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, wala hakulala na njaa. Lakini mama yake aliona mfuko umefungwa na kufichwa chini ya kitanda, akajua ya kuwa mwana ataka kwenda zake usiku bila ya kuaga. Tulipomwita na kumwuliza ana haja gani, hakutaja fedha wala kazi. Alisema, "Mwalimu, hapa kila siku ni kama jana. Nataka kujua kama nilizaliwa kwa ajili ya haya tu."

Tulinyamaza, kwani neno lile halikuwa la kijinga. Mwenye njaa hupewa chakula, na mwenye deni hupewa shauri; lakini mtu aulizaye maana ya siku zake hajibiwi kwa kukemewa. Tukamwomba angoje siku saba. Siku hizo tulizitumia kukumbuka na kusoma tena habari za kale za pwani yetu, kwa sababu twakaa katika nchi ambayo watu wengi mno waliipita wakiwa wameacha kwao, wengine kwa hiari na wengine kwa nguvu. Tuliyoyaona ndiyo tunayowaandikia leo, maana twadhani kijana yule si wa kijiji chetu peke yake.

I. Jina la Mji

Kila mtu ajua ya kuwa jina la Bagamoyo latoka katika maneno mawili, bwaga moyo. Lakini wazee hulieleza kwa njia mbili. Wengine husema ni neno la wapagazi: walipofika pwani baada ya safari ya miezi, waliitua mizigo yao, na mioyo yao iliyokuwa na hofu njiani ikastarehe. Wengine husema ni neno la watumwa: walipoiona bahari walijua ya kuwa hawatarudi kwao tena, basi wakaiacha mioyo yao nchi kavu kabla ya kupakiwa chomboni.

Hatutaki kuamua ni wazee gani walio na haki. Njia ilikuwa moja, nao wote wawili waliikanyaga, mmoja akichukua pembe kwa ujira na mwingine akiwa na mnyororo shingoni. Huenda walilala kambi moja na kunywa maji ya kisima kimoja. Ila yafaa msomaji alitazame neno lenyewe. Kubwaga si kuweka chini polepole. Ni kutupa chini kitu kilichomchosha mtu. Kwa hiyo jina la mji huu lauliza swali: Je, mtu akifika mwisho wa safari yake, abwaga nini, naye abaki na nini?

II. Vijana wa Unyamwezi

Tangu mwanzo wa karne ya 19 Wanyamwezi waliteremka pwani kwa misafara yao wenyewe, wakileta pembe za ndovu na kurudi na nguo, shanga na masango. Kutoka Tabora hata Bagamoyo ni mwendo wa miezi miwili au mitatu kwa miguu. Mzigo wa mpagazi ulikuwa yapata frasila mbili, yaani ratili 70, mbali na chungu chake, mkeka wake na chakula chake. Walipita Ugogo, ambako watemi walitaka hongo. Walipita Marenga Mkali, nyika isiyo na maji, ambayo iliwabidi waivuke kwa haraka mchana na usiku. Wengi waliuawa na ndui, wengi na kuhara, na wengine waliachwa njiani wasiweze kuinuka.

Mtu aweza kusema ya kuwa walikwenda kwa ajili ya nguo tu. Nguo ilikuwa na maana, kweli, kwani kwa nguo mtu aliweza kununua ng'ombe na kuoa. Lakini Mwingereza Richard Burton, aliyesafiri nao mwaka 1857, aliandika habari nyingine. Alisema ya kuwa kwao upagazi ulikuwa kipimo cha uanaume; watoto wa miaka sita au saba waliwekewa mabegani vipembe vidogo ili wazoee; na mtu ambaye hakutoka kwao kwenda kuona dunia alichekwa, akafananishwa na kuku alaliaye mayai. Basi kijana wa Unyamwezi hakukimbia nyumba kwa sababu nyumba ilikuwa mbaya. Alikwenda kwa sababu hakuwa mtu mzima machoni pa wenziwe wala machoni pake mwenyewe mpaka ameiona bahari kwa macho yake.

Sasa twawaomba wasomaji waangalie jinsi alivyokwenda. Hakuondoka usiku. Misafara mingi ilifunga safari wakati wa kiangazi, baada ya mavuno, na watu wengi walikusudia kurudi kwao mvua zisijawapita na majembe yao ndani. Alikwenda pamoja na marika yake na ndugu zake, na mara nyingine wake zao walifuatana nao. Mbele yao alitangulia kirangozi, amevaa mavazi mekundu na manyoya kichwani, amechukua bendera. Ngoma ilipigwa na baragumu likalia, ili kila mtu ajue ya kuwa wana wa mahali fulani wanapita. Kwa hiyo kule kuacha maisha ya kila siku kulikuwa kumewekewa njia, na wakati, na viongozi, na wimbo. Mji wenyewe ulimtoa kijana wake, na mji wenyewe ulimngoja.

Walipofika Bagamoyo walijenga vibanda vya majani kando ya mji, wakakaa majuma, na mara nyingine miezi, wakingoja mizigo ya kurudia. Walishangaa bahari na majahazi, wakajifunza Kiswahili na desturi za pwani. Waliwagombea wenyeji, wakapatana nao, na watu wengi husema ya kuwa utani wa Wanyamwezi na Wazaramo ulizaliwa katika njia ile ya misafara. Hata leo Mzaramo huweza kumchokoza Mnyamwezi msibani pasipo mtu kukasirika. Tazameni: watu wawili waliokutana kwa sababu mmoja aliacha kwao wamekuwa ndugu wa kuzikana.

Lakini si wote waliorudi. Wengine walikaa pwani wakaoa huko. Wengine mifupa yao i njiani. Na baada ya reli ya kati kufika Morogoro mwaka 1907 na Tabora mwaka 1912, kazi ya upagazi wa mbali ikafa, na vibanda vya Bagamoyo vikabaki vitupu. Mji huu, uliokuwa makao makuu ya Wadachi hata mwaka 1891 walipohamia Dar es Salaam, ukanyamaza. Vijana wa bara hawakuacha kutoka. Wengi walikwenda mashamba ya mkonge ya Tanga. Ila kirangozi na baragumu havikuwako tena.

III. Watafuta Chemchemi

Wakati vijana wa bara walipokuwa wakiteremka pwani kutafuta makuu, watu wa Ulaya walifika pwani hiyo hiyo wakitafuta makuu bara. Jambo hili latuchekesha kidogo na kutufundisha sana. Kila mmoja alidhani ya kuwa jambo kubwa liko kule mwenzake anakotoka.

Burton na mwenzake John Speke walishuka Kaole, kusini kidogo ya Bagamoyo, mwezi Juni 1857. Walifika Ujiji mwezi Februari 1858, na Agosti mwaka ule Speke peke yake aliiona Nyanza kubwa upande wa kusini. Walirudi pwani mwanzo wa Februari 1859, wakaiona bahari hapo Konduchi, kijiji cha wavuvi ambacho wasomaji wetu wa Dar es Salaam wakijua vema. Watu hawa wawili walitoka kwao wakiwa rafiki, wakarudi wakiwa maadui, wakishindana juu ya chemchemi za mto Naili. Speke alirudi tena mwaka 1860 pamoja na James Grant, akapita Bagamoyo, na mwezi Julai 1862 akauona mto ukitoka katika Nyanza. Alikuwa amepata alichokitafuta. Hata hivyo hakupata raha. Mwezi Septemba 1864, siku moja kabla ya kusimama na Burton mbele ya wataalamu kujadiliana, alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwa mawindoni.

Henry Stanley aliondoka Bagamoyo mwaka 1871 kumtafuta David Livingstone. Aliondoka tena tarehe 17 Novemba 1874 pamoja na watu zaidi ya 300, akavuka bara lote hata akatokea Boma, karibu na mlango wa mto Kongo, mwezi Agosti 1877. Wazungu watatu aliofuatana nao, ndugu wawili wa ukoo wa Pocock na Frederick Barker, walikufa wote njiani. Katika wale mamia ya watu wa Unguja na pwani, waliofika Boma walikuwa mia na kidogo tu; wengine walikufa kwa maradhi, kwa njaa, kwa vita na kwa maji ya mto, na wengine walitoroka. Jina la Stanley limeandikwa katika vitabu vya dunia nzima. Majina ya wengi wa wale waliokufa hayakukumbukwa ila na mama zao.

Hatusemi ya kuwa safari hizo hazikuwa na faida. Ramani tunazofundishia watoto zimetoka humo. Lakini twaona ya kuwa mtu aweza kuacha vyote akafika mwisho wa njia, na kiu yake isizimike, kwa sababu alichokuwa akikitafuta ni jina lake mwenyewe. Tena mtu atafutaye jina huwagharimu wengine.

IV. Mtu Asiye na Kwao

Katika misafara hiyo mlikuwa na mtu mmoja ambaye habari zake zimetugusa kupita za mabwana wake. Jina lake ni Sidi Mubarak Bombay. Alikuwa Myao, akakamatwa angali mtoto, akauzwa na kupelekwa Bara Hindi. Bwana wake alipokufa akawa huru, naye akarudi mpaka Unguja. Mtu angedhani ya kuwa atakwenda moja kwa moja kwao Uyao. Lakini aliyechukuliwa mtoto arudi wapi, wakati kijiji kimevunjwa na mama hajulikani aliko? Akaingia kuwa askari wa Sultani, na huko ndiko Burton na Speke walikomkuta mwaka 1857.

Tangu hapo hakuacha kutembea. Alikwenda na Burton na Speke. Akaenda na Speke na Grant mpaka Misri. Akaenda na Stanley mwaka 1871. Kisha mwaka 1873 akaondoka Bagamoyo na Verney Lovett Cameron, akavuka Afrika yote hata bahari ya magharibi mwaka 1875. Wazungu wengine walimsifu, wengine walimlaumu. Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimpa medali ya fedha, na baadaye malipo ya uzeeni. Alikufa mwaka 1885.

Twajiuliza, mtu huyu alitafuta nini? Hakuwa na haja ya chemchemi za Naili. Twadhani, na hapa twasema kwa kukisia tu, ya kuwa kwa mtu aliyenyang'anywa kwao, njia yenyewe ilikuwa nyumba. Alijulikana katika kambi; aliitwa kwa jina; watu walimngoja aseme neno ndipo waondoke. Wako vijana siku hizi walio kama yeye, waliofiwa na wazazi au kutupwa na jamaa. Hao tusiwaambie kwa wepesi, "Rudini kwenu." Yatupasa kwanza tuwaulize kama wanako.

V. Mzigo wa Chuma na Susi

Livingstone alikufa mwanzo wa mwezi Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Miaka saba alikuwa ametembea akitafuta chemchemi za Naili mahali zisipokuwapo; mto Lualaba alioufuata ni wa Kongo, si wa Naili. Basi kwa kipimo cha kazi yake ya mwisho, alikosa. Lakini tuwatazame wale waliobaki na maiti yake.

Walioongoza walikuwa wawili. James Chuma alikuwa Myao, aliyefunguliwa katika kamba za watumwa mwaka 1861. Abdullah Susi alikuwa mtu wa Shupanga katika mto Zambezi. Pamoja nao alikuwako Jacob Wainwright, aliyekuwa mtumwa akafunguliwa na kusomeshwa Nasik, Bara Hindi. Mabwana wa Ulaya walikuwa mbali; hakuna aliyewaamuru. Wangaliweza kumzika pale pale, kugawana vitu na kwenda zao, wala hakuna ambaye angaliwashitaki. Walifanya shauri lao wenyewe. Moyo wake waliuzika chini ya mti, na Jacob akasoma sala za maziko na kuchonga jina katika gome. Mwili waliukausha juani siku 14, wakaufunga kwa nguo na gome la mti na turubali, wakautia katika mti wakauchukua mabegani.

Mwendo ule ulikuwa wa miezi tisa. Walipofika Unyanyembe walimkuta Cameron, naye akawashauri wauzike mwili huko, walikataa. Mbele yake wenyeji walikataa maiti isipite nchini mwao, nao wakafanya hila, wakajifanya kuirudisha ikazikwe, kisha wakaifunga upya mfano wa mtumba wa nguo, wakapita. Mwezi Februari 1874 waliingia Bagamoyo. Mapadre wa Misioni waliupokea mwili, ukalala katika kanisa lao. Kisha manowari ya Waingereza ikauchukua Unguja, na tarehe 18 Aprili 1874 ukazikwa Westminster, London.

Na wale wachukuzi? Walilipwa mishahara yao wakaambiwa kazi imekwisha. Jacob peke yake aliwahi kuwapo kule London siku ya maziko. Chuma na Susi walipelekwa Uingereza baadaye, kaburi limekwisha kufunikwa. Walisaidia kueleza daftari za marehemu, wakarudi. Chuma aliongoza misafara mingine, akafa Unguja mwaka 1882. Susi alibatizwa mwaka 1886, akafa mwaka 1891.

Wasomaji, hapa ndipo tulipokaa muda mrefu kuliko mahali pengine. Livingstone aliacha moyo wake bara kwa maana iliyo wazi kabisa, na mwili ukaja kutuliwa katika mji uitwao Bwaga Moyo. Lakini maana ya safari ile hatuioni katika chemchemi zilizokosekana. Twaiona mabegani mwa watu sitini na zaidi waliochukua mzigo usiouzika, usiolika, unaoogopwa na kila mwenyeji, kwa sababu walikuwa wamepatana na mtu na hawakutaka kuuvunja urafiki wakati yeye hawezi tena kuwaona. Kama kijana akituuliza ukubwa uko wapi, tutamwonyesha mzigo ule.

VI. Kijiji cha Waliokombolewa

Mwaka 1868 mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, wakiongozwa na Padre Antoine Horner, mtu wa Alsace, walijenga Bagamoyo. Nao walikuwa wameacha kwao, na makaburi ya Misioni yaonyesha ya kuwa wengi wao walikufa wakiwa bado vijana. Lakini tunaotaka kuwasema hapa ni wale waliopokelewa nao.

Watoto na watu wazima walinunuliwa katika soko la Unguja, na wengine waliletwa baada ya majahazi ya watumwa kukamatwa baharini na manowari za Waingereza. Walitoka makabila mengi, kila mmoja na lugha yake. Walipokua na kuoana walipewa nyumba na mahali pa kulima katika kijiji cha Wakristo. Walipanda minazi na kulima; kengele iliwaamsha, kengele iliwapeleka kanisani, kengele iliwapeleka shambani na kuwarudisha. Tufani kubwa ya mwezi Aprili 1872 ilipoangusha majengo, walijenga tena. Vita vya Abushiri vilipokuja, mwaka 1888 na 1889, watu wengi wa mji waliokimbia moto walipata kimbilio katika mashamba ya Misioni.

Hatutaki kuficha ya kuwa si wote waliopendezwa. Sheria zilikuwa kali, na wengine walitoroka. Na si ajabu, kwani mtu aliyekombolewa apenda pia kuchagua. Lakini wengi walikaa, wakazaa, wakazikana, na baadhi yao walikwenda pamoja na mapadre kuanzisha vijiji vipya bara, kama Mhonda mwaka 1877 na Mandera mwaka 1881. Katika nchi yetu ya Wami, ziko jamaa ambazo babu zao walikuja kwa njia hiyo.

Kwa majirani zetu Waislamu nako yako mambo ya namna hii. Sheikh Yahya bin Abdallah, aitwaye Sheikh Ramiya, aliletwa Bagamoyo toka Manyema angali mtoto, akiwa mtumwa. Hakuondoka kutafuta elimu mbali. Aliitafuta katika mji ule ule alimotupwa, hata akawa mwalimu mkuu wa tarika ya Kadiria, na watu waliokuwa waungwana tangu kuzaliwa wakaketi chini miguuni pake. Alikufa mwaka 1931, na jina lake lingali likiheshimiwa Bagamoyo.

Basi watu hawa wametufundisha jambo ambalo mpagazi na msafiri hawakutufundisha. Kijana wetu alisema kwa masikitiko, "Kila siku ni kama jana." Lakini mwulizeni mtu aliyetolewa kitandani usiku, kijiji kikiungua, akatembezwa miezi mitatu asijue kesho atauzwa kwa nani. Kwake yeye, kuamka na kukuta jembe lile lile mlangoni, mke yule yule jikoni, na mti ule ule uani, ndiyo neema aliyokuwa akiiomba. Siku zinazofanana ambazo mmoja azikimbia, mwenzake amezilia.

VII. Jibu Letu

Siku ya saba kijana alirudi, akatuamkia, akaketi. Tulimsimulia haya yote kama tulivyowaandikia, naye alisikiliza mpaka taa ikahitaji mafuta. Mwisho akatuuliza, "Basi, Mwalimu, wanikataza au wanipa ruhusa?"

Tulimjibu hivi. Hatukukatazi, maana tukikukataza tutawakataza na vijana wote wa Unyamwezi, na yako mambo ambayo mtu hayajui ila ameyaona. Wala hatukusifu, maana dunia imejaa watu waliofika mbali wasione kitu. Twakuambia mambo mawili tu. La kwanza, usiondoke kama mtumwa atorokaye wakati wewe u mwungwana kwenu. Wanyamwezi waliondoka mchana, ngoma ikilia, na kwa sababu hiyo walikuwa na mahali pa kurudi. Anayeondoka usiku huvunja daraja nyuma yake, hata akifanikiwa huona haya kurudi. La pili, usiende kutafuta maana kana kwamba ni kitu kilichoangushwa barabarani Dar es Salaam, kikingoja wewe ukiokote. Chuma na Susi hawakuiokota. Waliichukua mabegani, ikawachosha. Popote utakapokuwa, hapa au kule, tazama ni mzigo gani uliokupasa, na nani atakayepotea usipouchukua.

Alikaa kimya. Kisha akasema, "Nitaaga."

Aliondoka mwezi uliofuata, siku ya Jumatatu, asubuhi, jua limekwisha kutoka. Baba yake alimpa nauli. Dada zake walimfungia mchele na nazi mbili. Sisi tulimsindikiza mpaka barabara kuu pamoja na majirani. Mama yake hakulia mbele ya watu. Alimshika mkono akamwambia methali ya wanamaji wetu, "Mwanangu, mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani." Kijana akaitikia, akapanda gari.

Bado hajarudi. Lakini msimu huu wa kupanda ulipofika aliwapigia wazazi wake simu kuuliza kama mvua imenyesha, na ni nani aliyelima kipande chake cha kando ya mto. Mama yake alikuja kutupa habari hiyo jioni ile ile, naye alikuwa akicheka. Tukamwambia ya kuwa mtu aulizaye habari za mvua ya kwao hajaubwaga moyo wake.